Kiko cha Babu na mafundi watatu wa Tabata

Ukishuka daladala kituo cha Tabata Dampo utaona maduka, bodaboda waliojipanga kusubiri abiria, mama wa chipsi na foleni ya Barabara ya Mandela. Dampo lenyewe hulioni. Mtu wa umri wangu aliyekulia huku anaweza kulitaja jina hilo mara kumi kwa siku bila kujiuliza limetoka wapi. Mimi nimejiuliza nikiwa nimeshachelewa, na kilichonifanya nijiulize ni kiko.

Ni kiko cha kuvutia tumbaku, cha marehemu Babu mzaa baba. Babu alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mfanyakazi wa reli, na alihamia Tabata mwishoni mwa miaka ya sabini wakati eneo hili likiwa na mikorosho mingi kuliko nyumba. Alifariki mwaka 2009, mimi nikiwa shule ya msingi. Kwetu babu na mjukuu ni watani, kwa hiyo alikuwa akiniita mke mdogo, na Bibi mpaka leo huniita mke mwenzangu. Jina langu halisi hulitumia akiwa amekasirika tu.

Kiko hicho Bibi alikihifadhi ndani ya kopo la Kimbo juu ya kabati. Masika ya mwaka huu bati la chumbani lilivuja, vijana wakalisogeza kabati, kopo likaanguka. Nilipokwenda kumsalimia Jumapili ile nilimkuta amekaa kitandani, vipande viwili mapajani, anavipapasa. Bibi haoni vizuri. Ana presha ya macho, ule ugonjwa unaoharibu mshipa wa jicho polepole bila maumivu, na kilichopotea hakirudi. Vitu vyake vingi siku hizi anavitambua kwa vidole.

"Mke mwenzangu," akaniambia, "wewe unazunguka na watu wengi. Kanitafutie fundi."

Nikaitikia. Ndani ya moyo sikuwa na raha. Miaka minne sasa kazi yangu ni kuandika habari za afya, na nyingi kati ya hizo ni za tumbaku. Nimeandika kwamba Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo zaidi ya milioni 7 kila mwaka vinavyotokana nayo. Nimeandika kwamba kiko si nafuu kuliko sigara kama wazee wanavyodhani: hata asiyeumeza moshi wake anauzungusha mdomoni, na saratani ya mdomo, ya ulimi na ya koo havijali kama moshi umetoka kwenye karatasi au kwenye jiwe. Babu aliumwa koo. Nakumbuka safari za Ocean Road, baba akiwa amembeba bahasha ya kahawia kama amebeba yai, na nakumbuka sauti ya Babu ilivyopungua mpaka ikawa mnong'ono. Sasa natumwa nikakiponye kilichomuua.

Halafu kulikuwa na baba mdogo. Alikuwa sebuleni, akasikia. "Kikishatengenezwa nipeni mimi," akasema. "Huo ni urithi wa kiume." Baba mdogo anavuta sigara tangu akiwa kijana na ameshaacha mara tatu.

Nilikipeleka kwanza nyumbani kwangu nikakitazama kwenye mwanga. Kumbe sikuwa nimewahi kukitazama. Bakuli lake limefunikwa ngozi iliyoshonwa kwa uzi mnene, na ngozi ilikuwa imeanza kubanduka upande mmoja. Ndani si mti. Ni jiwe jepesi, jeupe kwa asili, ambalo moshi umeligeuza rangi ya chai ya rangi. Kwenye shina kuna alama ya tembo mdogo, neno KIKO, na maneno yanayosema kimetengenezwa Tanganyika.

Hilo la mwisho lilinipeleka kutafuta. Jiwe hilo Wajerumani waliliita meerschaum, yaani povu la bahari, na wataalamu wa madini huliita sepiolaiti. Dunia inalijua zaidi kutoka Eskişehir, Uturuki, ambako mafundi wamechonga viko vyake kwa karne kadhaa. Lakini lipo pia kwetu, Sinya, huko Longido, kwenye nchi kame ya Wamasai inayopakana na Amboseli ya Kenya. Likachimbwa, na kampuni iliyoitwa Tanganyika Meerschaum Corporation ikatengeneza viko Arusha, ikavipa jina la Kiswahili lisilo na mbwembwe: Kiko. Viliuzwa mpaka Ulaya na Marekani, na wapo wazungu wanaovikusanya hadi leo wakilitamka neno letu bila kujua maana yake ni hiyo hiyo tu. Bibi anasema Babu alikinunua Arusha kwa mshahara wa safari moja ya treni ya mizigo, kabla hawajaoana, na baba mkwe alipokiona akasema huyu kijana ana majivuno.

Majivuno yalikuwepo, nadhani. Tabora kwenyewe tumbaku haikuwa kitu cha kununua Arusha. Bibi amekulia Urambo, ambako Waingereza walikuja na mradi wa karanga mwaka 1947, karanga zikawashinda, na ardhi ile ikageukia tumbaku. Bibi amechuma majani hayo tangu msichana. Anakumbuka mabani ya kukaushia, kuni zisizoisha, kulala macho kulinda moto, na asubuhi za umande ambapo wachumaji walirudi nyumbani wakitapika na vichwa vinazunguka. Wao walisema ni uchovu. Mimi nilipomweleza kwamba nikotini hupenya ngozi kwa majani mabichi yenye maji, na kwamba ugonjwa huo una jina hospitalini, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Basi tulivuta wote."

Nilikitia kiko mkobani Jumamosi, nikashuka Dampo, nikaanza kuzunguka. Nani anatengeneza viko Dar es Salaam? Sikumpata. Nilichopata ni kwamba Tabata ina mafundi wa kila kitu kingine, na kiko ukikigawa vipandevipande ni kila kitu kingine.

Ngozi niliipeleka kwa mzee mmoja fundi viatu mwenye banda chini ya mwarobaini, upande wa Bima. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho, mpaka nilipomwekea kiko juu ya meza. Akakitazama muda mrefu.

"Hiki nakijua," akasema. "Hiki cha yule mzee wa reli."

Ndipo nikasikia habari ya Dampo. Nimeshaisoma baadaye kwenye maandishi ya wanasheria, maana ni kesi maarufu vyuoni, lakini nilitangulia kuisikia kwa fundi viatu. Miaka ya themanini taka za jiji zima zilikuwa zikimwagwa Tabata na kuchomwa. Moshi ulikuwa hauna saa. Nguo ulizianika nyeupe ukazianua za kijivu, watoto wakakohoa usiku kucha, nzi wakawa wenyeji. Mwaka 1988 wakazi wakaenda Mahakama Kuu kuishitaki halmashauri ya jiji, kitu ambacho wakati huo watu wengi hawakujua hata kama kinawezekana. Wakashinda. Jiji likaomba muda, likaongezewa, likaomba tena, na mwaka 1991 Jaji Lugakingira akakataa kuongeza, akisimamia haki ya kuishi iliyomo kwenye Ibara ya 14 ya Katiba. Taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani, na watu wa huko nao wakaenda mahakamani. Siku hizi zinaishia Pugu Kinyamwezi. Tabata ikabaki na jina.

"Babu yako hakuwa kwenye wale waliofungua kesi," mzee akaendelea, akipitisha uzi kwenye nta. "Lakini kwenye mikutano alikuwa hakosi. Anasimama, anasema moshi huu utatumaliza, watoto wetu wana haki ya hewa safi. Na hicho kiko anacho mdomoni! Watu wanacheka, yeye hajui wanacheka nini."

Nilicheka na mimi, halafu nikashindwa kuendelea kucheka. Mtu alipigana na moshi wa jiji zima huku ameng'ata wa kwake. Sidhani kama alikuwa mnafiki. Moshi wa dampo aliletewa. Wa kiko aliununua, akaupenda, na kitu ukikipenda hukioni kama hatari. Nimehoji madaktari wanaovuta sigara nyuma ya wodi. Baba mdogo anasoma makala zangu zote, anazikata na kuzitunza.

Mzee aliishona ngozi kwa matundu yale yale ya zamani, hakuongeza hata moja. Aliniambia nisithubutu kukitia majini, na kwa hilo alikuwa sahihi, maana jiwe hilo hunyonya maji likalainika. Akanitoza shilingi elfu tatu.

Fundi wa pili ni wa simu. Najua inashangaza. Lakini fikiria meza ya fundi simu: ana spiriti, ana pamba za masikio, ana koleo nyembamba na sindano, ana mashine ya kupuliza hewa ya moto, na ana miwani inayokuza. Kijana huyu ana kibanda cha kioo karibu na Barakuda, pembeni anauza vocha na kava. Alidhani namtania. Nilipomwonyesha tundu la shilamu lilivyoziba kwa lami nyeusi, akavutika mwenyewe.

Shilamu ni ule mrija wa mdomoni. Neno hili amenifundisha Bibi. Kiko cha maji cha zamani, kile cha kifuu au kibuyu, kila sehemu yake ilikuwa na jina: bori ni bakuli la moto na tumbaku, digali ni mrija unaoshuka kwenye maji, shilamu ndiyo inayokwenda mdomoni, na ile sauti ya maji yakibubujika mvutaji anapovuta ni malio. Maneno yote hayo tulikuwa nayo, na leo kijana anayevuta mtambo ule ule kwenye baa anauita shisha, kana kwamba umefika juzi na ndege.

Shilamu ya Babu ni ya ebonaiti, mpira uliochemshwa na salfa mpaka ukawa mgumu kama pembe. Ikikaa muda mrefu kwenye mwanga na hewa hugeuka kahawia ya kijani na kutoa harufu ya kiberiti. Kijana alipitisha pamba yenye spiriti ndani ya tundu mara ishirini na saba. Nilihesabu, kwa sababu kila pamba ilitoka nyeusi na mimi nilikuwa nafikiria koo. Ile ya ishirini na nane ilitoka ya manjano tu, akaacha. Kwenye bakuli hakutumia spiriti. Alikwangua masizi kwa mkono, taratibu, kwa ncha ya kisu kilichopoteza makali, kwa sababu ukilazimisha jiwe linapasuka. Nje ya shilamu alisugua kwa msasa wa maji, ule mwembamba wa mafundi rangi ya magari, kuanzia namba 600 mpaka 2000, ikaanza kurudi kuwa nyeusi.

Alipofika kwenye ncha akasimama. "Dada, hapa kuna makovu. Niyatoe? Nikipuliza hewa ya moto mpira unarudi ulivyokuwa."

Yalikuwa meno ya Babu. Mabonde mawili juu, moja chini, la upande wa kushoto limeingia zaidi kwa kuwa ndiko alikouma akiwa anafikiri. Nilimwambia aache kama yalivyo. Akaniangalia kama mtu anayelipia nguo kufuliwa halafu anazuia doa lisiguswe.

Kazi kubwa ilikuwa ya tatu. Kipande chembamba cha shilamu kinachoingia kwenye shina ndicho kilichovunjika, na gundi peke yake isingekishika. Fundi seremala mmoja wa Segerea, mwenye mashine ya kukereza miguu ya vitanda, alikubali kutengeneza kingine. Akachagua mabaki ya mpingo, mti ambao wazungu wanatengenezea zumari zao, mgumu kiasi kwamba patasi inalia. Alikereza kijiti kifupi kama kidole cha mtoto, akakipima, akakipunguza, akakipima tena. Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimelitarajia.

"Nikitoboe katikati au nikiache?"

Kikitobolewa, hewa inapita na kiko kinavutika. Kikiachwa, kinaungana vizuri, tena kwa nguvu zaidi, lakini ni pambo. Hakuna mtu atakayekiwasha tena, wala baba mdogo, wala mtoto wa baba mdogo ambaye ana miaka kumi na tisa na tayari nimeshamnusa shisha kwenye shati.

Sikumpigia Bibi simu. Ningeweza. Nilisimama kwenye vumbi la mbao nikajiambia mimi ndiye ninayejua mambo haya, na nikasema, "Kiache."

Akakipaka gundi, akakifunga kwa mpira, akaniambia nikifuate kesho yake.

Jumapili nilimkabidhi Bibi mbele ya baba mdogo. Kilikuwa kimependeza kweli. Bibi hakusema kimependeza, maana hakukiona. Alipitisha kidole kwenye ngozi, akahesabu mishono kimoyomoyo, akashuka kwenye shina, akamgusa tembo. Akafika kwenye shilamu, akaigeuza, na kidole gumba chake kikaenda moja kwa moja kwenye lile bonde la kushoto kikakaa hapo. Uso wake ukalegea. Nikashukuru nilivyomzuia yule kijana.

Kisha akakiweka mdomoni akapuliza.

Hakikutoa kitu. Akapuliza tena, mashavu yakajaa.

"Umekiziba," akasema. Akaniita kwa jina langu.

Nilianza kueleza. Nilitaja koo la Babu, nikamtaja baba mdogo aliyekuwa amekaa pale pale, nikataja hata takwimu, Mungu anisamehe, mbele ya mwanamke aliyemkamulia mgonjwa uji kwa kijiko kwa miezi saba. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho.

"Babu yako kabla hajaweka tumbaku alikuwa anapuliza mara mbili, majivu ya jana yatoke," akasema. "Fuu, fuu. Mimi niko jikoni. Nikisikia hivyo najua amekaa barazani, nabandika chai. Miaka arobaini na mbili. Sikukutuma unirudishie tumbaku, mke mwenzangu. Tumbaku naijua kuliko wewe. Nilitaka ile pumzi."

Baba mdogo alikuwa anatazama sakafu. Baadaye, akinisindikiza kituoni, aliniambia kwamba hakuwa na nia ya kukivuta, alisema tu. Sijui. Nilimwambia kama anataka kuacha kweli, kuna dawa na ushauri wa kusaidia, siyo lazima apambane peke yake kama mara zile tatu, na kwamba nitaambatana naye. Akasema tutaongea. Kwa baba mdogo hiyo si hapana.

Seremala alipotuona tena, mimi na kiko, aliguna. Alikuwa ameshaonya kwamba gundi ile ikishakauka haifunguki, kwa hiyo ilibidi atoboe mpingo ukiwa umo ndani tayari, kwa kekee nyembamba ya mkono, akizungusha nusu nusu na kupuliza unga. Ilimchukua karibu saa nzima. Mara moja shilamu ililia kwa sauti ambayo sote wawili tuliitambua, na ufa mwembamba kama unywele ukatokea pembeni. Haujaenda mbali. Upo, na ni wangu, maana kama ningeuliza kwanza usingekuwepo.

Nilifika kwa Bibi jioni, adhana ya magharibi ikitoka upande wa Kimanga na daladala zikipigiana honi barabarani. Alikuwa barazani. Nilimpa bila kusema neno. Akakipapasa, akaukuta ufa, akausugua kwa ukucha, hakuniuliza. Akakiweka mdomoni upande wa kushoto.

Fuu, fuu.

Kwenye bakuli kikatoka kitu kidogo cha vumbi, na harufu ambayo pamba ishirini na nane hazikuweza kuimaliza. Bibi alikaa nayo kidogo. Halafu akakifuta kwa pindo la khanga, akakirudisha kwenye kopo la Kimbo, akafunga kifuniko.

"Kaa hapo," akaniambia. "Nikabandike chai."

Nilitaka kuinuka nimsaidie, kwa ajili ya macho yake na jiko la gesi. Akanikataza kwa mkono, akaingia ndani akipapasa ukuta.